Je, Mzigo wa Kichwani Hauna Gharama? Takwimu katika Uchunguzi wa Mwendo wa Binadamu

Katika milima ya Munanila, karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi, mizigo mingi husafiri kichwani. Mikungu ya ndizi, mafurushi ya maharage, matita ya kuni na ndoo za maji hupanda na kushuka katika njia nyembamba za miguu, na wabebaji wengi ni wanawake na wasichana. Kata ya majani au ya kitambaa huwekwa utosini, mzigo huketishwa juu yake, na safari huanza. Shingo hunyooka, mabega hutulia, na mara nyingi mikono haigusi cho chote. Mtazamaji asiyejua uzito wa ndoo ile aweza kudhani kwamba ni tupu.

Je, wepesi huo unaoonekana kwa macho ni wepesi wa kweli? Mwili wa mbebaji hutumia nishati kiasi gani kwa ajili ya mzigo ule? Swali hili limewashughulisha wanasayansi kwa takribani miaka 40, na sehemu kubwa ya ubishi wake ilianzia hapa hapa Afrika Mashariki. Jibu lake halikutegemea mizani na vipimo vya hewa peke yake. Lilitegemea pia takwimu, yaani elimu ya kuzisoma tarakimu zilizopatikana kwa watu wachache na kuamua zinaruhusu kusema nini juu ya watu wengi.

Bayomekanika na vipimo vyake

Bayomekanika ni tawi la sayansi linalochunguza mwili wa kiumbe kwa kufuata kanuni za fizikia. Mifupa huangaliwa kama nyenzo, viungo kama egemeo, na misuli kama chanzo cha kani. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za nyenzo, kani na nishati tayari anao msingi wa elimu hii.

Mtafiti wa mwendo hupima mambo ya namna tatu. Kwanza, hupima jinsi viungo vinavyosogea, kwa kupiga picha nyingi katika kila sekunde. Pili, hupima kani ambayo mguu huikandamiza ardhi, kwa kutumia bamba maalumu lililofukiwa sakafuni. Tatu, hupima gharama ya mwendo, yaani nishati inayotumika. Hii ya tatu hupatikana kwa kukusanya hewa anayoitoa mtu mapafuni na kukokotoa ni oksijeni kiasi gani iliyotumiwa na mwili katika kila dakika. Misuli inayofanya kazi zaidi hutumia oksijeni zaidi.

Utafiti wa mwaka 1986

Mwaka 1980 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walieleza kwamba binadamu, farasi, mbwa na panya wakikimbia huku wamebeba mizigo, matumizi yao ya oksijeni huongezeka sawa na uwiano wa mzigo na uzito wa mwili. Mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili uliongeza gharama kwa kiasi cha asilimia 20. Kanuni hiyo ilielekea kuwa rahisi, nayo ilimfaa kila mnyama aliyepimwa.

Miaka 6 baadaye, Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Taylor, Norman Heglund, Giovanni Cavagna na mwenzao mwingine, walitangaza katika jarida la Nature matokeo yaliyowashangaza wengi. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, ambao hubeba mizigo utosini, na wanawake wa Kikikuyu, ambao hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita katika paji la uso. Wanawake hao walipobeba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa miili yao, matumizi yao ya oksijeni hayakuonekana kuongezeka hata kidogo. Baada ya kiwango hicho gharama ilianza kupanda, lakini hata mzigo wa asilimia 70 uliongeza asilimia 50 tu. Askari waliobeba mikoba mgongoni walihitaji takribani asilimia 13 zaidi kwa mzigo wa asilimia 20.

Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu waliyoiona. Mtu anayetembea hufanana na timazi ya saa ya ukutani iliyopinduliwa juu chini. Kiwiliwili hupanda kidogo mguu unaposimama wima, kisha hushuka na kusonga mbele. Nishati tuli hugeuka kuwa nishati mwendo, na nishati mwendo hurudi kuwa nishati tuli. Katika mwendo wa kawaida, takribani theluthi mbili ya nishati hiyo huokolewa kwa njia hii, na misuli hulazimika kufidia theluthi iliyobaki. Kwa wanawake waliopimwa, sehemu iliyookolewa iliongezeka walipotwikwa mzigo. Hivyo mwendo wao wenyewe uligeuka kuwa bora zaidi, na faida hiyo ikafidia uzito ulioongezwa.

Hapana shaka kwamba ugunduzi huu ulikuwa mkubwa. Uliwaonyesha wasomi wa dunia kwamba katika mwendo wa mwanamke wa kijijini umo ustadi unaostahili kuchunguzwa katika maabara. Hata hivyo habari hiyo ilivyoendelea kusimuliwa, masharti yake yalipungua njiani. Wengine wakaanza kusema kwamba wanawake wa Kiafrika hubeba mizigo bila gharama. Hapo ndipo takwimu inapopaswa kuingia.

Watu wachache, maneno mengi

Idadi ya wanawake waliopimwa katika uchunguzi ule haikufika hata dazeni moja. Kosa haliko hapo, kwani vipimo vya namna hiyo ni vigumu na huchukua muda mrefu. Lakini uchache wa sampuli huweka mipaka ya yale yanayoweza kusemwa.

Tuseme watu kadhaa wamepimwa na wastani wao umepatikana. Wastani huo hauwezi kulingana kabisa na wastani wa watu wote wa nchi. Kiasi unachoweza kupotoka huitwa kosa sanifu. Hupatikana kwa kuchukua mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana wao kwa wao, na kuugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kulipunguza kosa lake kwa nusu hana budi kupima watu mara nne ya wale wa kwanza. Akitaka kulipunguza hadi robo, atapima watu mara kumi na sita.

Mtu wa kwanza kueleza jinsi ya kufanya hesabu hizi kwa sampuli ndogo alikuwa William Gosset, mtaalamu katika kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin. Aliitoa kanuni yake mwaka 1908 kwa jina la kupanga la Student, na hadi leo jedwali linalotumika huitwa jedwali la Student.

Upo mtego mwingine, nao ni mkubwa zaidi. Dai la mwaka 1986 lilikuwa kwamba tofauti haikuonekana. Kutoona tofauti si sawa na kuthibitisha kwamba tofauti haipo. Anayetafuta sindano sakafuni gizani asiione, hawezi kuapa kwamba chumba hakina sindano. Pengine taa yake ilikuwa hafifu. Katika takwimu, taa hiyo ni idadi ya watu pamoja na njia ya kuwalinganisha.

Hesabu ya mfano

Tarakimu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya kufundishia tu, wala hazikupimwa kwa mtu ye yote. Tuseme wanafunzi 6 wametembea mita 20, kwanza mikono mitupu, kisha wakiwa na mzigo kichwani, na muda wao umeandikwa kwa sekunde:

Bila mzigo: 15, 17, 14, 18, 16, 16. Wastani ni 16.

Wakiwa na mzigo: 16, 18, 16, 19, 16, 17. Wastani ni 17.

Je, mzigo umewachelewesha? Mwanafunzi wa kwanza wa takwimu aweza kuyachukua makundi haya mawili kana kwamba ni ya watu mbalimbali. Atakokotoa varianzi ya kundi la kwanza apate 2.0, na ya kundi la pili apate 1.6. Kosa sanifu la tofauti ya wastani litakuwa kipeuo cha pili cha 0.6, yaani 0.77. Akiigawanya tofauti ya sekunde 1 kwa 0.77 atapata 1.3. Jedwali la Student, kwa digrii 10 za uhuru, hudai tarakimu hiyo ipite 2.23 ndipo tofauti ikubalike katika kiwango cha asilimia 5. Basi atasema: hakuna ushahidi kwamba mzigo unachelewesha.

Mwenzake atakumbuka kwamba waliotembea ni watu wale wale. Atamlinganisha kila mmoja na nafsi yake. Tofauti zitakuwa 1, 1, 2, 1, 0 na 1. Wastani wake ni 1, mkengeuko sanifu ni 0.63, na kosa sanifu ni 0.63 iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani 0.26. Akigawanya, atapata 3.9. Kwa digrii 5 za uhuru, jedwali hudai 2.57 tu. Yeye atasema: mzigo umewachelewesha.

Tarakimu ni zile zile, majibu ni mawili yanayopingana. Tofauti imetoka wapi? Katika njia ya kwanza, hitilafu iliyopo kati ya mtu mwepesi na mtu mzito wa kutembea imeimeza athari ya mzigo. Katika njia ya pili hitilafu hiyo imeondolewa, kwa kuwa kila mtu amekuwa kipimo cha nafsi yake. Kwa sababu hiyo watafiti wa mwendo, ambao kwa kawaida hupima watu wachache mara nyingi, hupendelea kulinganisha kwa jozi. Anayetumia njia ya kwanza mahali pa njia ya pili aweza kutangaza kwamba mzigo hauna gharama, kumbe gharama ipo.

Habari kutoka Afrika Kusini

Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake 24 wa Kixhosa nchini Afrika Kusini. Kati yao, 13 walikuwa wamebeba mizigo kichwani kwa muda usiopungua miaka 10, na 11 hawakuwa na uzoefu huo. Kila mwanamke alibeba kichwani na pia mgongoni, ili alinganishwe na nafsi yake.

Kwa wastani, haikuonekana tofauti ya maana kati ya kichwa na mgongo. Uzoefu wa miaka mingi haukuleta nafuu ya oksijeni iliyotarajiwa. Lakini watafiti hawakuishia kwenye wastani. Walipoangalia mtu mmoja mmoja, waliona hitilafu kubwa. Baadhi ya wanawake walitumia nishati kidogo sana walipobeba kichwani, wengine walitumia nyingi, na wengine walipata nafuu walipobeba mgongoni. Pamoja na hayo, maumivu ya shingo yalikuwa miongoni mwa malalamiko ya kubeba kichwani.

Je, uchunguzi wa Nairobi ulikuwa wa uongo? La. Inawezekana kabisa kwamba wanawake wale waliopimwa walikuwa na mwendo wa nafuu, kama ilivyopimwa. Kinachopungua ni haki ya kuyahamisha matokeo ya wachache hao kwa kila mwanamke wa bara zima. Mwaka 2005 Guillaume Bastien, Heglund na wenzao waliwachunguza wachukuzi wa milima ya Nepal, ambao hubeba mizigo mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Wao nao walionekana kutumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa, hata kwa mizigo mizito sana. Kwa hiyo nafuu ya kubeba si mali ya taifa moja wala ya namna moja ya kubeba.

Tatizo la mkondo

Bamba la kupimia kani halitoi tarakimu moja. Tangu kisigino kinapogusa chini hadi vidole vinapoondoka, hutoa mamia ya tarakimu, ambazo zikichorwa huwa mkondo wenye vilele viwili mfano wa nundu za ngamia. Watafiti wengi huugawanya mkondo huo katika vituo 101, kuanzia asilimia 0 hadi 100 ya hatua.

Hapa pana kishawishi. Mtafiti akiuangalia mkondo wa mwenye mzigo na wa asiye na mzigo, ataona mahali vinapoachana. Akichagua mahali hapo na kufanya jaribio la Student hapo tu, atakuwa amechagua jibu kabla ya kuuliza swali. Na akijaribu kila kituo peke yake, bahati itamdanganya. Jaribio moja katika kiwango cha asilimia 5 lina uwezekano wa 0.05 wa kuonyesha tofauti isiyokuwapo. Majaribio 20 yasiyotegemeana yana uwezekano wa 1 kutoa 0.95 kwa kipeo cha 20, yaani 0.64. Maana yake ni kwamba mtafiti ana uwezekano wa asilimia 64 wa kuona angalau tofauti moja ya uongo.

Karibu na mwaka 2010 Todd Pataky na wenzake walileta katika bayomekanika njia iliyokuwa imebuniwa na Karl Friston na wataalamu wengine wa picha za ubongo. Katika njia hii mkondo wote huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Kwa kuwa vituo vilivyo jirani hufuatana, hesabu huangalia ulaini wa mkondo, kisha huweka kiwango kimoja kwa mkondo wote, ambacho takwimu ya jaribio haina budi kukivuka mahali fulani ndipo tofauti ikubalike. Mtafiti haruhusiwi tena kuchagua kilele kimpendezacho.

Kutoka sakafu tambarare hadi Munanila

Sasa turudi kwenye milima ya Kigoma. Mwanamke mwenye uzito wa kilo 55 hubeba ndoo ya lita 20. Maji peke yake ni kilo 20, yaani asilimia 36 ya uzito wake. Kiwango cha asilimia 20, ambacho katika uchunguzi wa mwaka 1986 hakikuonyesha gharama, kwake ni kilo 11. Hiyo haizidi sana nusu ya ndoo. Kwa hiyo hata tukikubali matokeo yale bila ya kuyapunguza, ndoo iliyojaa imekwisha kuvuka mpaka.

Tena nafuu ya timazi iliyoelezwa mwaka 1995 ni ya mwendo wa mahali tambarare, ambapo kiwiliwili hupanda na kushuka kwa kiasi kile kile. Katika mlima mambo hubadilika. Kuzipandisha kilo 20 za maji kimo cha mita 50 kunadai kazi ya jouli 9,800, kwa sababu kilo 20 mara 9.8 mara 50 ni 9,800. Kuupandisha mwili wenyewe wa kilo 55 kimo hicho kunadai jouli 26,950. Kazi hii haiwezi kukwepwa kwa ustadi wo wote wa hatua. Hapo mzigo wa asilimia 36 huongeza kazi ya kupanda kwa asilimia 36 kamili.

Jambo hili lina uzito nje ya maabara pia. Watu wanaopanga mahali pa kujenga kisima au kupitisha bomba hupima faida na gharama. Wakiamini kwamba kubeba maji hakumgharimu mbebaji kitu, jasho la mwanamke na la msichana wa shule halitaingia katika hesabu yao, na chanzo cha maji chaweza kubaki bondeni miaka mingi. Tarakimu iliyopatikana kwa watu wachache, kwa mzigo mdogo na katika sakafu tambarare, haina haki ya kutoa uamuzi huo.

Uchunguzi unaowezekana shuleni

Shule ya sekondari isiyo na bamba la kani wala kipimo cha oksijeni yaweza kufanya uchunguzi wa kweli. Vinahitajika kamba ya mita 20, saa ya kuhesabu sekunde au simu yenye kamera, mizani, na ndoo yenye maji yasiyozidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwanafunzi. Wabebaji wawe wa hiari, na mwenye maumivu ya shingo au mgongo asibebe.

Kila mwanafunzi atembee mara tatu akiwa na mzigo na mara tatu bila mzigo. Sarafu irushwe ili kuamua aanze na lipi. Hili ni la lazima, kwani wote wakianza bila mzigo, uchovu utaonekana kuwa ni athari ya ndoo. Zihesabiwe hatua na sekunde, kisha upatikane urefu wa hatua na kasi ya kila mmoja. Wastani wa mara tatu ndio utakaoingizwa katika hesabu ya jozi kama ilivyoonyeshwa hapo juu. Njia ikiwa ya mlima, zoezi lirudiwe mahali tambarare na matokeo yalinganishwe.

Katika taarifa ya mwisho, wanafunzi waandike tarakimu za kila mtu na si wastani peke yake. Yule ambaye hakuchelewa hata kidogo aandikwe, na yule aliyechelewa kupita wote aandikwe pia. Mwalimu asikubali afutwe mmoja wao kwa sababu tu haafikiani na wenzake, mpaka ijulikane kwa nini alitofautiana. Watafiti wa Afrika Kusini wasingaliziona tofauti zile kubwa kati ya mwanamke na mwanamke kama wangaliridhika na wastani, na swali la kwa nini wengine hubeba kwa nafuu na wengine kwa taabu lingali linangoja watu wa kulijibu.